Shaba na Chakula cha Nyumbani

Zamani wazee wa Katanga waliyeyusha shaba katika matanuru ya udongo wa kichuguu, wakaimimina iwe misalaba midogo ya kufanyia biashara. Lukafu palikuwa na kituo cha Wabelgiji hata kabla ya kujengwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza.

Kampuni ile iliwapa wafanyakazi nyumba, posho na shule. Lakini Desemba 1941 waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi. Tangu 1967 migodi ikashikwa na Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000. Mwaka 2003 haikufikisha hata sehemu ya kumi yake, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa malipo. Hapo nyumba nyingi zililishwa na jembe la mama na biashara yake ndogo.

Basi, enyi akina baba, msingoje mshahara ukatike. Wasomesheni watoto, wa kike na wa kiume, tena wafundisheni kazi ya mikono, wala msimdharau mama alimaye. Mgodi huchoka, aliyejifunza kazi hakosi pa kuanzia.