Safari ya Peke Yako Huanza na PIN Yako

Umestaafu ukiwa na miaka 60. Watoto wamesoma, karo imeisha, na ile ndoto ya kuzunguka nchi peke yako, leo Kisumu, mwezi ujao Marsabit, kisha Lamu, bado haijakutoka. Familia inauliza: "Mama, utaenda na nani?"

Mimi nasema nenda. Umri si kizuizi. Kizuizi ni kumtegemea mjukuu kila unapotaka kutuma au kutoa pesa. Nyumbani yeye ndiye hushika simu, na PIN anaijua. Je, ukishuka kwenye boti ya kutoka Mokowe, simu utampa nani? Mtu mliyekutana gatini?

Kwa hivyo, miezi miwili kabla ya safari, badilisha PIN na ufanye kila kitu mwenyewe. Lipa nauli, nunua mboga kwa till, soma jina la mpokeaji kabla ya kukubali. Ukikwama hapa mtaani, msaada uko karibu.

Kwenye simu weka pesa za wiki moja tu. Kiinua mgongo kikae benki. Toa pesa kidogo mjini kabla ya kuelekea kusiko na mtandao. Usisahau kitambulisho, maana wakala atakiuliza. Simu ikipotea, azima nyingine upigie huduma kwa wateja laini ifungwe mara moja.

Watoto watakuwa na wasiwasi, na ni haki yao. Wapigie kila jioni uwaambie uko wapi. Lakini PIN, hiyo ibaki kichwani mwako.