Dawa ya Deni ni Kulipa, si Kungoja Mkataba Ufe

Kila mkataba wa pamoja wa wahudumu wa afya nchini Kenya unapofikia ukomo, mchezo ni uleule. Chama huomba mazungumzo. Hujibiwa kwa ahadi, au hakijibiwi kabisa. Muda hupita. Ilani ya mgomo inapotolewa, ndipo wakubwa wanapozinduka, nao hukimbilia mahakamani kabla ya kuketi mezani. Siku ya kwanza ya mgomo, daktari huitwa katili. Nasema wazi: mgomo hauanzi siku daktari anapotoka wodini. Huanza siku mwajiri anapouacha mkataba ufe kwa makusudi.

Historia ni shahidi. Mkataba uliotiwa saini mwaka 2013 baina ya Serikali na chama cha madaktari, KMPDU, ulikaa bila kutekelezwa, kisha ukakanwa kwa hoja kwamba haukusajiliwa mahakamani. Matunda yake yalikuwa mgomo wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na viongozi saba wa chama kupelekwa gerezani kwa kudharau mahakama. Aliyeuvunja mkataba hakufungwa. Ukaja mkataba wa 2017 hadi 2021. Muda wake ulikwisha, lakini mwaka 2024 madaktari walikuwa bado wanadai yaliyomo ndani yake, wakagoma siku 56. Madaktari wanagenzi, waliosoma miaka sita, walitakiwa wapokee shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400 walizostahili kwa mujibu wa mkataba huo.

Wapo wanaodai kwamba mkataba uliokwisha muda haumfungi mtu. Hao wasome Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007. Sehemu ya 59 inasema masharti ya mkataba wa pamoja huingizwa katika mkataba wa ajira wa kila mfanyakazi anayehusika. Stahiki ambayo imekwisha kuwa sehemu ya ajira ya mtu haifutwi na kalenda.

Wapo pia wanaotukumbusha kwamba sheria hiyohiyo inaziweka huduma za hospitali miongoni mwa huduma za lazima, ambamo mgomo umekatazwa, ilhali Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Tuchukulie hoja yao kama ilivyo. Ikiwa kazi ya muuguzi na daktari ni ya lazima kiasi kwamba haiwezi kusimama hata siku moja, basi mkataba wao nao ni wa lazima kiasi kwamba hauwezi kuachwa ufe hata siku moja. Haiwezekani ulazima uwe mzigo wa mfanyakazi peke yake, na mwajiri awe na hiari.

Tusijidanganye kuhusu gharama. Hospitali za umma zikifungwa, mwenye pesa huenda hospitali ya kibinafsi; maskini hurudi nyumbani na maradhi yake. Kwa sababu hiyo, wanachama wanaojiandaa kwa mgomo wana wajibu mzito. Watangaze mapema ni nani atakayebaki katika chumba cha dharura, cha wajawazito na cha wagonjwa mahututi. Wayaeleze madai yao kwa lugha ambayo mgonjwa aliye kwenye foleni ataielewa, yakiwemo ya dawa, vifaa na idadi ya wauguzi kwa zamu. Mgomo usioeleweka na wananchi hushindwa hata ukiwa wa haki.

Lakini wajibu wa kwanza ni wa mwajiri. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, serikali kuu humnyooshea gavana kidole, naye gavana humnyooshea Hazina ya Kitaifa. Katikati yao amesimama mhudumu asiyejua amdai nani. Dawa yake haihitaji tume nyingine. Mazungumzo ya mkataba mpya yaanze mwaka mmoja kabla ya ule wa zamani kuisha. Serikali zote mbili zikae meza moja. Fedha zitengwe katika bajeti kabla ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni, ili saini iwe na pesa nyuma yake. Mkataba usajiliwe mahakamani mara moja.

Mtumishi wa umma unayesoma haya, huenda faili la mazungumzo hayo liko mezani pako. Lisukume leo, kabla ya ilani ya siku saba kukufikia. Nawe mwanafunzi wa udaktari, uuguzi au ualimu, usiseme hayakuhusu: mkataba unaodharauliwa sasa ndio utakaokuajiri kesho. Wahudumu wa afya hawaombi hisani. Wanadai deni, na wahenga walikwisha kutwambia dawa yake.