Rangi za Mistari ya Grafu na Dhima ya Kiswahili

Buna ni mji wa wafugaji ulioko kaskazini mwa Kaunti ya Wajir, kwenye barabara iendayo Moyale. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika eneo hilo. Mamlaka ya taifa inayoshughulikia ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi yenye grafu za mvua, bei za mifugo na hali ya mimea. Mimea hupimwa kwa setilaiti: kipimo kikishuka chini ya 35, ukame huhesabiwa umeanza, kikishuka chini ya 10, umekithiri. Taarifa hizo huandikwa kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya maana yake hubebwa na rangi. Je, rangi ni lugha inayojitosheleza? Jibu ni la.

Katika programu za ukokotoaji kama MATLAB na GNU Octave, mstari hupewa rangi kwa herufi moja ya Kiingereza: r ni nyekundu, g ni kijani, b ni buluu. Nyeusi ilipewa k kwa sababu b ilikwisha kuchukuliwa. Rangi huweza pia kutajwa kwa namba tatu baina ya 0 na 1. Hadi mwaka 2014, MATLAB isipoagizwa vinginevyo ilichora mstari wa pili kwa kijani cha [0 0.5 0] na wa tatu kwa nyekundu ya [1 0 0]. Kwa fomula ya kawaida ya kugeuza rangi kuwa kijivu, kijani huzidishwa kwa 0.587 na nyekundu kwa 0.299. Mistari hiyo basi hupata 0.294 na 0.299, yaani kijivu kile kile. Grafu ya namna hiyo ikitolewa fotokopi ya wino mweusi, msomaji hatambui upi ni mstari wa mwaka huu na upi ni wa wastani wa miaka iliyopita.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kusaidia, kwa kuwa ni maskini wa rangi. Ni kweli kwamba -eusi, -eupe na -ekundu pekee ndizo sifa za rangi zinazochukua viambishi vya ngeli, na ndizo rangi tatu ambazo Berlin na Kay, mwaka 1969, waliziweka mwanzo katika lugha za ulimwengu. Hata hivyo, kijani imetokana na majani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa. Huo ni utajiri. Upungufu uko katika usanifishaji: samawati na buluu ni rangi moja au mbili? Na kijani na chanikiwiti?

Hapana budi, kwanza, mistari itofautishwe kwa umbo pia: mzima, wa vistari au wa nukta, jambo ambalo programu hizo huliruhusu kwa alama moja au mbili tu. Pili, jina la kila mstari liandikwe kando yake kwa Kiswahili, na ikiwezekana kwa Kisomali na Kiborana. Tatu, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vikubaliane na idara za hisabati na takwimu kuhusu orodha moja ya majina ya rangi. Mfugaji wa Buna anayeamua kuuza ng'ombe kabla hawajakonda anahitaji kuisoma grafu hiyo wakati ungalipo.