MUZIKI WETU USIONDOKE KAMA SHABA

Ndugu wafanyakazi, kila Jumamosi jioni hapa Mulongo tunabishana: ni nani bora, wapiga gita wa zamani au vijana tunaowasikia katika simu? Sisi tunasema wazi: bora ni Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, 1930. Kwa gita moja na vidole viwili vya mkono wa kuume alifanya kazi ya watu watatu, tena aliimba kwa Kiswahili chetu cha kambi.

Mwaka 1952 Mzungu Hugh Tracey alimkuta Jadotville, leo Likasi, akautia wimbo "Masanga" katika sahani. Ulisikika mpaka Nairobi. Lakini hazina ile ya Tracey imewekwa mji wa Makhanda, Afrika Kusini, na watoto wetu wengi hawajui hata jina la Mwenda.

Sisi makarani wa migodi tunaandika kila mfuko wa madini unaotoka. Nani anaandika nyimbo zinazotoka? Ndugu, arusi ikija, tumwite kwanza mpiga gita wa mtaani, tumlipe mkononi. Nyimbo za wazee tuziandike katika daftari, jina la mtungaji likitangulia. Mali isiyoandikwa huchukuliwa na mgeni.