Mtoto wa Kulea

Jumapili hapa Nunguni, baridi ya Kilungu ilitukusanya sebuleni kwa jirani, vijana wakaweka The Royal Tenenbaums, filamu ya Wes Anderson ya mwaka 2001. Walimcheka mzee Royal, aliyeigizwa na Gene Hackman, akisingizia saratani ya tumbo ili arudi kwa mke na watoto watatu aliowatelekeza, wote vipaji vilivyochanua mapema na kunyauka mapema. Mimi nilimtazama Margot, mmoja wa watoto hao, mwandishi wa tamthilia tangu utotoni, mwenye kidole cha mti. Baba akimtambulisha kwa watu, lazima aongeze kwamba ni wa kulea. Nani kamuuliza? Vilimani huku tunalea wengi: wa dada aliyefariki, wa binti aliyekwenda kutafuta Nairobi. Tunawalisha, tunawasomesha, kisha siku ya harusi, mbele ya wageni, tunawatenga kwa neno moja. Tumbo husahau njaa, sikio halisahau neno. Kwangu mimi, uongo wa saratani ni kosa dogo. Anayemtangaza mtoto hivyo amemfukuza nyumbani huku akimpakulia muthokoi. Na Margot alilijua hilo, maana hata tamthilia aliyoiandaa siku yake ya kuzaliwa, akiwa na miaka 11, mzee aliibeza mbele ya watu.