Hewa Imechafuka au Imechafuliwa?

Panapofuka moshi pana moto, walinena wahenga. Methali hii huwatosha wengi, kwani moshi huonekana na moto ukatafutwa papo hapo. Lakini chembe ndogo za vumbi na masizi zinazoelea hewani hazina uungwana huo: huingia mapafuni bila ya kusema zimetoka kwa nani. Makala haya yanashikilia kwamba kutambua chanzo cha chembe hizo ni kazi ya sayansi na vilevile ni kazi ya lugha, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeipuuza.

Tuanze na sarufi. Aghalabu tunasema na kuandika "hewa imechafuka". Kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendeka, kauli isiyodai mtenda. Kikombe huvunjika, maziwa humwagika, hewa huchafuka, hapana anayeulizwa. Tukisema "hewa imechafuliwa", msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Kutambua vyanzo ni kuitoa hewa katika kauli ya kwanza na kuitia katika ya pili.

Tutazame Gazi, kijiji cha wavuvi kilichoko baina ya Diani na Msambweni. Mkeka ukisahauliwa barazani kwa siku mbili, utakuta umetandwa na utando mwembamba. Utando huo tunauita vumbi, basi. Lakini mwanakemia akiupima hukuta vitu vingi. Sodiamu na klorini humwonyesha chumvi ya bahari. Silikoni na alumini humwonyesha udongo. Potasiamu nyingi pamoja na masizi humwelekeza kwenye moshi wa kuni. Vanadiamu na nikeli humwelekeza kwenye mafuta mazito ya meli. Zilizo hatari zaidi ni chembe zisizozidi mikroni 2.5, ilhali unywele mmoja una unene wa mikroni 50 au zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Hata hivyo, alama ya kemia peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, madini ya titani yalichimbwa bara kidogo kutoka pwani hii ya Kwale. Je, titani ikionekana katika vumbi, mgodi ndio uliolileta? Haraka hiyo haina baraka. Madini hayo yamo tangu zamani katika mchanga mwekundu wa eneo lile, mchanga wa Magarini, na hata matatu ikipita barabara ya udongo huweza kuutifua. Hapo ndipo pepo huitwa kutoa ushahidi. Kusi na kaskazi zote hutoka upande wa bahari, kwa hiyo husukuma vumbi la bara mbali na ufuo. Umande wa alfajiri ndio utokao bara. Mpimaji asiyeandika saa na upepo atamshtaki asiyehusika na kumwacha huru mwenye hatia.

Kazi ya namna hii imekwisha kufanywa nchini. Chembe zilizokusanywa Nairobi kati ya 2008 na 2010 zilichunguzwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yakaonyesha kwamba takriban asilimia 74 ya chembe ndogo zilitokana na magari na vumbi la ardhini. Aliyezoea kuvinyoshea kidole viwanda pekee hana budi kufikiri upya. Lakini ni mkazi gani wa Nairobi aliyeyasoma matokeo hayo kwa Kiswahili?

Wako watakaosema kwamba mwanakijiji hana haja na hesabu za visivyoonekana. Gazi yenyewe inawajibu. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba yake ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Leo, chini ya mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, wenyeji hao hao huhifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni inayofyonzwa na miti hiyo. Aliyeweza kuuza kisichoonekana hashindwi kuelewa vumbi, mradi aelezwe kwa lugha anayoielewa.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki ya pili haitekelezeki bila ya ya kwanza, kwani asiyeweza kukitaja chanzo hawezi kukishtaki. Chama chetu hakina budi kukusanya msamiati wa vumbi, moshi, masizi na majivu kutoka kwa wazee wa Kiswahili na Kidigo, kuusanifu pamoja na wanasayansi, na kudai kwamba ripoti za mazingira ziwafikie wenyeji kwa Kiswahili. Na tuanze na lililo jepesi: kila tukiandika "imechafuka", tujiulize kama hatumfichi mtu.