Si kila muwasho ni upele

MTOTO anajikuna usiku kucha. Asubuhi mama anaona vipele vyekundu kiunoni na mapajani, anasema ni upele au kunguni. Baba anakwenda sokoni, anarudi na dawa ya wadudu wa shambani na kuinyunyizia godoro. Wiki mbili baadaye muwasho uko palepale, na sasa mtoto anakohoa.

Tangu mwaka 2017 ndugu zetu wengi wamerudi Burundi kutoka kambi za Tanzania, na blanketi zilizokaa miezi mingi ndani ya magunia. Wafanyabiashara wa mpakani nao hulala chumba kimoja na marobota ya mazulia ya mitumba, ngozi na samaki wakavu. Humo ndimo anamostawi mbawakawa wa mazulia.

Mbawakawa mwenyewe ana urefu wa milimita 2 hadi 4 tu, na mara nyingi huonekana dirishani akifuata mwanga. Mharibifu ni kiwavi wake, mwenye vinyweleo vingi, anayekula sufu, manyoya, ngozi na nywele. Haumi wala hanyonyi damu. Vinyweleo vyake hudondoka na kunasa kwenye nguo na matandiko. Mtu ambaye mwili wake hauvipatani navyo hutoka vipele na kuwashwa. Wengine hupiga chafya na kutokwa machozi. Hali hiyo haiambukizi.

Kutofautisha si kazi ngumu. Kunguni huacha madoa ya damu kwenye shuka. Upele hupenda katikati ya vidole, na huenea kwa watu wa nyumba nzima. Kiwavi huyu huacha magamba makavu yenye vinyweleo kwenye mikunjo ya blanketi na chini ya zulia.

Dawa yake ya kwanza ni usafi. Toeni mazulia na blanketi nje, mzipige, mzianike juani. Kinachovumilia maji ya moto kifuliwe kwa maji ya moto. Fagieni pembeni na chini ya vitanda. Anayewashwa aoge kwa sabuni, na asipopata nafuu aende zahanati.

Sisi tunasema sumu ya shambani haina nafasi kitandani. Wala haina nafasi kwenye ndagala. Wadudu wanaotoboa samaki wakavu ni wa ukoo huohuo, na wapo wanaowapulizia dawa ili kuokoa mzigo. Dawa hiyo haiishii kwa mdudu, inaishia kwenye sahani ya mnunuzi.

Tunawaomba wauguzi wamwulize mgonjwa analala na mizigo gani kabla ya kumwandikia dawa ya upele. Wakuu wa masoko nao watenge ghala, hata dogo, ili mfanyabiashara asilazimike kulaza wanawe juu ya bidhaa. Mali hutafutwa kwa ajili ya watoto. Isiwe ndiyo inayowanyima usingizi.